Keki ya matufaha isiyobonyea katikati

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini keki yako ya matufaha na viungo inapendeza juu, lakini ukiikata unakuta imebonyea katikati na ina ukanda mbichi unaonata. Unaishuku oveni. Mimi nashuku maji. Zaidi ya asilimia 80 ya tufaha ni maji, na umesema unayaparuza kisha unayaacha kwenye sukari huku ukipima unga. Kuparuza kunayafungulia maji, na sukari inayavuta yaliyobaki. Mchanganyiko unalegea, na katikati, ambako joto hufika mwisho, hapashiki.

Basi usiparuze. Menya matufaha mawili, toa kokwa, kata vipande vya sentimita moja upate gramu 250, na usizidishe hata kama yamejaa tele msimu huu wa majani kupukutika. Chukua magumu yenye uchachu, kama Granny Smith. McIntosh huvurugika yakipata moto. Yakate mwisho kabisa, vingine vyote vikiwa tayari.

Chekecha pamoja unga wa ngano gramu 250, beking pauda vijiko viwili vya chai, chumvi nusu kijiko, mdalasini vijiko viwili, tangawizi ya unga nusu na kungumanga robo. Karafuu iwe ya kuchota kwa ncha ya kisu tu, maana ikizidi inaleta uchungu na kufunika vingine vyote. Beking pauda nayo usiiongeze ukidhani keki itaumuka zaidi: itapanda haraka kabla haijashika, halafu itashuka.

Kwenye bakuli jingine piga mayai mawili na sukari ya kahawia gramu 150, kisha tia mafuta mililita 120 na mtindi mililita 100. Mimina humo ule unga, geuza kwa mwiko taratibu mpaka usione unga mkavu, tia matufaha, geuza mara chache, acha. Ukikoroga sana keki inakuwa ngumu na yenye mashimo marefu ndani. Inua mwiko utazame: mchanganyiko udondoke kwa mabonge mazito. Ukitiririka, maji yamezidi. Wengi huyapaka matufaha unga ili yasizame, lakini kinachoyashikilia hasa ni uzito huo, na udogo wa vipande.

Chombo kiwe cha umbo la mkate, sentimita 23 kwa 13, chenye karatasi ya kuokea ndani, na usikijaze kupita theluthi mbili. Oveni iwe imeshafika nyuzi 175 za Selsiasi, au 160 kama ina feni, na chombo kikae rafu ya kati. Keki huchukua dakika 55 hadi 65. Usifungue mlango kabla ya dakika 40. Hewa baridi huiangusha ikiwa bado laini. Baada ya hapo, kama juu kumeshakuwa kahawia, funika kwa foili uiache iendelee. Rangi ya juu haikwambii lolote kuhusu ndani, na nadhani ndiyo iliyokuwa ikikutoa jikoni mapema.

Pima kwa kijiti sehemu mbili au tatu, kwa sababu kikichoma tufaha kitatoka na unyevu hata keki ikiwa imeiva. Unachotafuta ni unga mbichi unaoganda kwenye kijiti: ukiuona, keki bado haijaiva. Ukiwa na kipimajoto, katikati pafike nyuzi 96.

Ikitoka, ipumzishe dakika 15 kwenye chombo, kisha itoe uiweke juu ya waya. Ikibaki humo mvuke unageuka maji na pembeni panalowa. Usiikate ikiwa moto, ndani bado panajishika. Viungo vyenyewe hukolea zaidi siku ya pili. Ifunge vizuri, nje ya friji ikae siku mbili, si zaidi, kwa ajili ya yale matunda. Ya ziada kata vipande uvigandishe.

Nijulishe ilivyotoka.

Mama yako