Sabuni ya Asili Haipaswi Kukuunguza

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti wa Masasi anayejiandaa kwa harusi. Alinunua sabuni ya mwarobaini na manjano iliyotengenezwa kwa mkono, akawa anaitumia usoni asubuhi na jioni, na baada ya muda mfupi ngozi ilianza kuchoma, ikakakamaa na kubabuka pembeni mwa pua. Aliyemuuzia alimtaka avumilie kwa maelezo kwamba dawa inatoa uchafu uliojificha. "Shikamoo mama, niendelee au niache?" aliniuliza. Nilimjibu: Marahaba mwanangu, acha leo hii, nawa kwa maji matupu, na ngozi isipotulia nenda zahanati.

Ninaandika nikiwa mtengenezaji. Sabuni zangu hutoka Mikindani, kwa mafuta ya nazi na ya ufuta, na ninajivunia kwamba wapo akina mama walioanza nami kabla sijawa hata na karatasi ya kufungia, na hadi leo wanaogeshea wajukuu zao sabuni hizo. Lakini ujumbe ule uligusa mahali panaponiuma. Yupo mfanyabiashara niliyekuwa nikimpelekea mzigo, ambaye msimu wa korosho ulipofunguliwa na fedha zikaanza kuzunguka, alinitaka nimpe sabuni niliyokuwa nimeikata siku iliyotangulia. Nilimkatalia, kwa kuwa ilikuwa bado haijakomaa. Alimtafuta mwingine aliyekubali, akampa rafu yangu, kisha akawaambia watu kwamba mimi nina maringo. Neno hilo halijanitoka moyoni, kwa sababu nilichokuwa nikikilinda ni ngozi za wateja wake mwenyewe.

Wewe unayesoma huenda unataka kuanzisha kiwanda chako kidogo nyumbani, nami nakutakia heri, ila ujue kwanza kwamba hakuna sabuni ya kipande inayotengenezwa bila kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, kemikali kali inayounguza. Anayekuambia sabuni yake haina kemikali yoyote anakudanganya, au hajui anachokifanya. Kostiki ikikutana na mafuta kwa kipimo sahihi, vyote viwili hugeuka kuwa sabuni na gliserini, wala kostiki haibaki. Kipimo kikizidi, kinachobaki ndicho kinachomla mtu ngozi, hata kama ndani mna mwarobaini, mlonge, asali na kila kitu kizuri kilichoumbwa.

Hapo ndipo wengi wanapopotea katika mikoa yetu hii ya Lindi na Mtwara. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Mimi nikichanganya gramu 300 za mafuta ya nazi na gramu 200 za mafuta ya ufuta, natumia takriban gramu 77 za kostiki ndani ya gramu 180 za maji, na katika hesabu hiyo nimekwisha kupunguza asilimia 5 ya kostiki ili mafuta kidogo yabaki ya kuilainisha ngozi. Sasa msimu wa ufuta unapofika Lindi na nazi ikapanda bei, mtu huona hakuna ubaya kutumia gramu 500 za ufuta mtupu kwa kostiki ileile. Ufuta hauwezi kuimeza yote, na takriban gramu 10 hubaki huru ndani ya sabuni ambayo kwa macho ni nzuri na inanukia. Kwa sababu hiyo sipimi kwa kikombe wala kwa kijiko. Napima kila kitu kwa mizani ya dijiti, yakiwemo maji, na ninawasihi msikubali kufundishwa na mtu asiye na mizani. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, hufundisha kazi hii mikoani, na ada ya mafunzo ni nafuu kuliko kumuunguza mtoto wa mwenzako.

Siku ya kupika, watoto wasiwe karibu. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, fungua madirisha, kisha mimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Hata ukifuata utaratibu, maji hupata joto kali bila moto wowote, na mvuke wake hukaba koo, hivyo rudi nyuma na usubiri. Usitumie sufuria ya alumini, kwani kostiki huila na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Kostiki ikikudondokea, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, wala usikimbilie siki au ndimu. Ikiingia jichoni, suuza, kisha nenda hospitali huku ukiendelea kusuuza.

Baada ya kukata, subiri wiki 4 hadi 6. Kazi kubwa ya kostiki na mafuta hukamilika katika siku 1 hadi 3 za mwanzo, na muda unaobaki ni wa maji kukauka na sabuni kuwa ngumu na pole kwa ngozi. Kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuuliza sabuni ilikatwa lini na ina mafuta gani, na asiyeweza kumjibu asipewe fedha. Kipande chenye chembe nyeupe ngumu katikati, au matone ya majimaji ndani ya vitundu, usikipake mwilini. Mtengenezaji naye apime kwa karatasi za pH, zinazoonyesha ukali wa sabuni kwa namba: sabuni nzuri huwa kati ya 9 na 10.

Viungo navyo vina mipaka. Mafuta ya karafuu na ya mdalasini yakizidi huwasha vibaya. Wapo pia walionishauri nitumie mafuta ya ganda la korosho kwa kuwa maganda yamejaa kila mahali, na jibu langu ni kwamba waitazame kwanza mikono ya mbanguaji asiye na glavu, jinsi inavyoiva weusi na kutoka malengelenge. Mafuta ya punje ya korosho ni kitu kingine, hayo hayana tatizo hilo.

Kwa watumiaji, jaribu sabuni mpya sehemu ndogo ya ndani ya mkono na usubiri siku 2 kabla ya kuipeleka usoni. Mwali aliyetoka kusingwa apumzishwe kwanza, maana ngozi iliyosuguliwa kwa singo, kama ile iliyonyolewa kwa wembe, huwashwa hata na sabuni bora. Ukurutu na fangasi zinahitaji mhudumu wa afya. Anayekuahidi weupe kwa wiki moja mkimbie, kwa kuwa baadhi ya sabuni za kung'arisha zimekutwa na zebaki, ambayo Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2013 kuhusu zebaki, unaikataza katika vipodozi.

Wenye visima vya maji ya chumvi, chagueni sabuni yenye nazi nyingi, kwani hutoa povu hata kwa maji ya bahari. Lakini nazi nyingi hukausha ngozi, kwa hiyo jipakeni mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Sabuni iwekwe kwenye kisahani chenye matundu, kwa kuwa gliserini yake huvuta unyevu wa hewa yetu ya pwani na kipande hutokwa jasho hadi kikalegea. Ikiota madoa ya rangi ya chungwa na kunuka mafuta yaliyochacha, ifulie matambara ya jikoni na uchukue nyingine.