Kwa nini oksitosini haikai kabatini

Mwanangu mpendwa,

Hapa Kirumba hatujambo, baba yako anakusalimu. Umeniuliza kwa nini hapo zahanati kwenu Ukerewe wanakukazania oksitosini isikae nje ya friji, ilhali misoprosto inakaa kabatini, na zote zinazuia damu kumtoka mzazi.

Oksitosini ni homoni, tena ni peptidi, kipande kifupi cha protini chenye asidi amino 9 tu. Sita za kwanza zimejikunja pete, na kinachoifunga ni atomu mbili za salfa zilizoshikana; tatu zimebaki nje. Mpangilio huo aliufumbua Mmarekani Vincent du Vigneaud, na mwaka 1953 akaitengeneza homoni yenyewe maabara. Mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, na kwa sisi wakunga alistahili kabisa.

Joto likizidi, kile kifungo cha salfa hufunguka na kushika pasipo pake, molekuli zikaungana mbilimbili, dawa ikapoteza nguvu. Ila ampuli ukiiinua kwenye mwanga utaona maji safi vilevile. Hilo ndilo linalonitisha, mwanangu: unachoma yuniti 10, unapapasa tumbo ukisubiri mji wa mimba ukaze, haukazi, na damu haikusubiri. Kwa hiyo macho yako yasikudanganye. Soma kipimajoto cha friji asubuhi na jioni, kiwe kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme ukikatika andika saa ulipokatika na saa uliporudi.

Misoprosto si peptidi, asili yake ni jamii ya asidi za mafuta, ndiyo maana humezwa. Adui yake ni unyevu, basi usiitoe mapema kwenye karatasi yake ya alumini. Oksitosini ukiimeza, tumbo litaisaga kama sangara wa mchana. Hata kwenye damu haidumu, dakika chache tu, ndiyo sababu ya dripu.

Dripu nayo iangalie. Oksitosini inatofautiana na vasopresini, homoni inayozuia maji yasipotee kwenye mkojo, kwa asidi amino 2 tu. Dozi kubwa na maji mengi kwa saa nyingi, mwili wa mama hubakiza maji, chumvi ya damu ikashuka hadi akapata degedege.

Ipo pia karbetosini, dawa ya jamii ya oksitosini, iliyotengenezwa kustahimili joto. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya kuijaribu kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, ikaonekana haipitwi na oksitosini katika kuzuia damu kupotea. Mwulize mfamasia wa wilaya kama mnaweza kuipata, unijibu.

Mama yako