Barua kwa mwanangu: kabla ya Jumamosi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, nikamsikilizisha na dada yako. Unasema mlango wa jirani yenu Myahudi umechorwa alama ya Hitler, na Jumamosi wenye chuki hao wataandamana hapo mtaani kwenu London. Waniuliza: utoke ukasimame na wanaowapinga, au ufunge mlango ukae na wanao?

Nimemkumbuka bibi wa chini, jirani yetu wa ghorofa ya chini tulipoishi London. Wewe unaijua cherehani yake tu, ile ambayo dada yako anaishonea mpaka leo. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Stepney, mashariki mwa London, na tarehe 4 Oktoba 1936 alikuwepo barabara ya Cable Street hukohuko, msichana wa miaka 20. Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, alikuja na Mashati Meusi wake, wafuasi wenye sare, kama 3,000 apite katikati ya mitaa ya Wayahudi, awaonyeshe kwamba hata majumbani mwao hawana amani. Ombi la kuyazuia maandamano lilipelekwa kwa waziri wa mambo ya ndani, likakataliwa. Wakubwa wa jumuiya ya Kiyahudi wenyewe waliwaambia watu wao wasiende. Polisi zaidi ya 6,000 wakaletwa kumfungulia njia.

Watu wakajaa Aldgate, zaidi ya 100,000 kwa makadirio ya wengi, wakipaza sauti “Hawatapita!”, mwito uliotoka Hispania mwaka uleule. Cable Street ikazibwa kwa lori lililopinduliwa, mbao na vyombo vya nyumbani, na wanawake madirishani wakawamwagia polisi hata vyungu vya chini ya kitanda. Mwishowe mkuu wa polisi, Philip Game, akamwamuru Mosley ageuze njia.

Lakini bibi hakuishia hapo kamwe. Akishamimina chai, alirudi nyuma mpaka 1912. Mwaka ule makuli wa bandari ya London, wengi wao Wairishi, waligoma hadi watoto wao wakashinda na njaa. Mafundi nguo wa Kiyahudi, nao hawana kitu, wakawachukua watoto hao majumbani mwao, zaidi ya 300, wakawalisha na kuwavisha. Aliyewahamasisha ni Rudolf Rocker, Mjerumani ambaye hakuwa Myahudi, aliyejifunza Kiyidi, lugha ya Wayahudi hao, akaishi kati yao. Mama yake bibi alipokea mmoja, akalala kitanda kimoja na kaka zake. Miaka 24 baadaye makuli wa Kiirishi wakatoka na sululu kung’oa mawe ya barabara Cable Street, na yule mtoto, sasa mwanamume mzima, alikuwa miongoni mwao. Babu yako aliyegoma Kilindini mwaka 1947 angeielewa hadithi hii bila kufafanuliwa. Jirani haachwi. Nimewalea kwa neno hilo.

Marehemu baba yako hakuafiki. Yeye alisema mgeni haingii ugomvi wa mwenyeji, tumekuja kusoma na kufanya kazi, tutarudi Mombasa. Na sikumlaumu, kwani ilikuwa hatari kweli. Jioni moja nikitoka zamu ya hospitali, kijana mmoja alinitemea mate kichwani ndani ya basi. Basi limejaa, na hakuna aliyeinua uso. Mate yalikauka, mwanangu, lakini zile nyuso zilizotazama chini naziona hadi leo. Nilipofika, bibi hakuniuliza kitu. Alikivua kitambaa changu, akakifua kwa mikono yake, akakipiga pasi.

Wiki chache baadaye, tarehe 4 Mei 1978, Altab Ali, kijana wa Kibangladeshi aliyefanya kazi ya kushona nguo, alichomwa kisu akauawa karibu na Adler Street, akirudi nyumbani kutoka kazini. Baada ya siku kumi, maelfu wakalifuata jeneza lake kutoka Whitechapel hadi Downing Street. Bibi alikuwepo na mkongojo wake. Nami nilikuwepo, nimemshika mkono, na baba yako akajua. Kwenye kona ya Brick Lane, mahali ambapo wabaguzi wa chama cha National Front walikuwa wakiuza magazeti yao ya chuki kila Jumapili, vijana wa Kibangladeshi walianza kuikalia mapema, na bibi alikuwa akiwapelekea chai. Furaha niliyokuwa nayo kumwona na lile birika siwezi kuiandika.

Sasa utaniambia, mama, je, walishinda? Hapo najibishana mwenyewe. Wiki moja tu baada ya Cable Street wahuni walivunja maduka ya Wayahudi Mile End Road. Machi 1937, katika uchaguzi wa baraza la London, wagombea wa Mosley walipata zaidi ya kura 20 katika kila 100 sehemu ya Bethnal Green, ingawa hawakupata hata kiti kimoja. Kwa hiyo usiseme barabara pekee ilimaliza kazi. Kilichowavua yale mashati meusi ni sheria iliyoanza Januari 1937, iliyopiga marufuku sare za kisiasa. Lakini tena, serikali ingeitunga haraka vile kama watu wangekaa ndani? Sidhani. Waziri yuleyule aliyelikataa ombi lao Oktoba ndiye aliyeipitisha Bungeni Desemba.

Ulimi unaniwasha nikuambie la kufanya. Nimeandika mstari, nimeufuta. Wewe una watoto wawili na mkwe wangu ni mjamzito, na mimi nilipotoka nilikuwa bado sijazaa. Jirani haachwi, lakini wanao nao ni amana. Uamuzi wa Jumamosi ufanyeni nyinyi wawili, na wowote mtakaoufikia siuvunji. Ukitoka, usitoke peke yako, na wajukuu wabaki na mama yao.

Ila kuna jambo hukulitaja katika ujumbe wako wote. Umeshabisha hodi kwa huyo jirani? Mlango wake umeshasuguliwa, na nani aliyeusugua?

Mama yako