Redio ilinyamaza saa sita mchana, kweli ni jua?

SWALI: Niko Moroto, Uganda, naongea kwa redio ya HF (ya mawimbi mafupi) na magari yetu yakiwa njia ya Kaabong. Juzi saa sita na nusu mchana kila kitu kilinyamaza karibu dakika 40 afu kikarudi chenyewe. Fundi anasema ni mlipuko wa jua. Mbona hatuambiwi mapema?

JIBU: Ndugu yangu, fundi wako hajakosea kushuku jua, manake antena mbovu haijitengenezi. Ila hakikisha kwanza: fungua grafu ya eksirei ya GOES, setelaiti za Marekani zinazopima jua; grafu inatumia saa za UTC, so toa masaa matatu kwenye saa zetu, yaani angalia 09:30 ya siku ile. Ukikuta mstari umeruka hadi M5 au X (M ni daraja la milipuko mikubwa, X ndo la juu kabisa) basi ndo huo.

Kuambiwa mapema ndo pagumu. Eksirei inatembea kwa mwendo wa mwanga, dakika 8 hivi kutoka jua mpaka hapa, kwa hiyo setelaiti ikiuona mlipuko na wewe ushapigwa tayari. Wanachoweza wataalamu ni kuangalia madoa meusi ya jua kila siku, hasa sumaku yake: doa ambalo ncha mbili zinazopingana zimebanana ndani ya kivuli kimoja, wanaliita delta, hilo mi naliogopa. Afu wanatoa asilimia ya uwezekano wa mlipuko ndani ya masaa 24, kama utabiri wa mvua, siku unaijua ila saa huijui. Mei 2024 eneo la madoa namba 3664 lilikua haraka sana, kila mtu akajua litalipuka, na likalipuka mara nyingi, hata lilipofika ukingoni mwa jua tarehe 14 likatoa X8.7, lakini saa yenyewe hakuna aliyeitaja.

Sisi huku karibu na ikweta mchana jua liko juu ya kichwa, na eksirei ikipiga tabaka la chini la ayonosfia (sehemu ya anga ya juu inayorudisha mawimbi ya redio chini), tabaka hilo linameza mawimbi, zaidi pale jua lilipo wima. Masafa ya chini ndo yanaumia kwanza. Watu watakwambia panda masafa ya juu, ni kweli, lakini kwa njia fupi kama yako ukipanda sana wimbi linatoboa anga halirudi, so panda kidogo tu, ikikataa subiri.

Asilimia ya mlipuko wa X ikiwa kubwa, weka mazungumzo muhimu asubuhi mapema au jua likishazama, na gari linaloenda mbali lipewe simu ya setelaiti.