Maswali ya Wasomaji: Taa za Usiku katika Banda la Farasi

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilitembelea shamba la chuo kikuu linalozalisha na kufunza farasi. Nilishangaa kuona taa zikiwaka katika banda la majike ilhali jua lilikuwa limekwisha kutua, mtoto wa farasi aliyezaliwa jana yake akishikwa miguu na wanafunzi, na farasi wa miaka miwili akizungushwa kwa kamba ndefu kwa dakika chache tu kisha kurudishwa malishoni. Je, hayo ni mafunzo, au wanyama wanasumbuliwa ili wanafunzi wapate alama?

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoyaona yana sababu, na sababu ya taa ndiyo isiyofahamika kwa wengi. Farasi jike hupata joto kwa kufuata urefu wa mchana. Siku zinaporefuka, homoni ya melatonini hupungua mwilini mwake, mayai yakaanza kukomaa, na akaingia katika mzunguko wa siku 21 hivi. Mimba yake huchukua takriban siku 340, na katika nchi nyingi za kaskazini farasi wa mashindano huhesabiwa kuwa wametimiza mwaka ifikapo tarehe 1 Januari, bila kujali mwezi waliozaliwa, hivyo aliyezaliwa mapema huwa na nafasi ya kukua kuwapita wenzake. Kwa hiyo mashamba huongeza mwanga hadi ufikie saa 16 kwa siku, kwa muda wa miezi miwili hivi kabla ya kupandisha. Hakuna ukatili hapo, mradi jike abakishiwe saa zake za giza. Tena giza hilo ni sehemu ya mbinu yenyewe, kwani taa zinazowaka usiku kucha hazileti matokeo yanayotakiwa.

Kuhusu mtoto, lililo muhimu zaidi huwa limekwisha kufanyika kabla mgeni hajafika. Mtoto mwenye afya husimama katika muda wa saa moja hivi na kunyonya katika muda wa saa mbili, nalo kondo la nyuma la mama hutarajiwa kutoka ndani ya saa tatu. Kinga za mwili za farasi hazipiti katika kondo hilo kumfikia mtoto akiwa tumboni. Huzipata katika maziwa ya mwanzo, na utumbo wake huweza kuzifyonza kwa muda usiozidi siku moja hivi, ndiyo maana shamba makini humpima damu ili kuhakikisha kwamba zimemfikia. Mtu yeyote anayeingia kati ya mama na mtoto kabla ya hapo anakosea, awe mwanafunzi au profesa.

Baada ya hapo, kumshika ni somo halisi. Tazama mikono ya mwanafunzi: mmoja huzunguka kifua cha mtoto, wa pili huwa nyuma ya mapaja, naye mama husimama karibu akiwaona. Mguu huinuliwa kidogo, na huachiwa pale mtoto anapotulia, si pale anapopigana. Ukiachiwa wakati akipiga mateke, amefundishwa kupiga mateke, na atakapokuwa na uzito wa kilo 500 mtunza kwato ndiye atakayeumia.

Yule wa miaka miwili nadhani ndiye aliyekutia wasiwasi bila sababu. Mifupa yake bado inakua, na ile ya uti wa mgongo hukamilika miaka kadhaa baadaye, ilhali kukimbia kwa duara hulemea viungo vya miguu upande mmoja. Dakika chache zinatosha kumfunza kusikiliza sauti, kusimama na kugeuka, na malisho yenye nafasi humjenga mifupa kuliko kuta za banda. Mimi ningeshtuka zaidi kama angezungushwa saa nzima.

Ukirudi huko, ulizia jinsi wanavyowaachisha watoto kunyonya. Kwa kawaida hilo hufanyika wakiwa na umri wa miezi minne hadi sita, na ndipo mtoto hupata msukosuko mkubwa. Ukiambiwa kwamba hufungiwa peke yake siku hiyohiyo, una haki ya kuhoji. Shamba zuri humwacha pamoja na wenzake aliowazoea, akiwa tayari amejua kula nafaka na nyasi.