Tazama maji kabla ya kutazama ratiba

Ratiba yangu ya kwanza ya triathloni, yaani kuogelea, baskeli na mbio kwa mfululizo, niliitoa mtandaoni, ya wazungu. Jumamosi ya kwanza iliandikwa: saa 3 asubuhi, kuogelea kilomita 2. Nikashuka pwani ya Jambiani, hapa Unguja, miwani usoni, nikakuta bahari imekwenda zake. Bamvua lile, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Nilitembea kwa miguu hadi karibu na mwamba, nikipita katikati ya vigingi vya mwani, na akina mama wakaniuliza, "Unaogelea mchanga, mwanangu?"

Basi wewe unayeanza, jifunze mwezi kwanza. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hujaa kwa kukadiria saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na asubuhi saa 4 yamekauka kabisa. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Wiki moja mbele, siku za maji mafu yanayojaa na kupwa kidogo, mambo yanageuka: saa 4 asubuhi yamejaa, na mkondo umelegea. Wikiendi hizo ndizo za kuogelea kwa muda mrefu. Wikiendi ya bamvua asubuhi iachie baskeli. Na usikaribie mlango wa mwamba maji yanapopwa, hata uwe samaki. Maji yote ya ndani ya mwamba yanatokea pale pale, na wewe yatakuchukua. Ogelea sambamba na ufukwe, na mwenzako akufuate kwa ngalawa.

Wengi wetu tumejifunza kuogelea kwa kujirusha bandarini, kichwa juu, mikono ikipiga maji kama ya mtu mwenye ugomvi. Kwa mita 200 inatosha. Kwenye triathloni ya masafa kamili unaogelea kilomita 3.8, na shingo haitakubali. Zamisha uso, pumulia pembeni, inua macho mara moja moja tu kutazama unakokwenda. Mimi ilinichukua miezi minne kuacha tabia ya utotoni, na mingine yote ikawa rahisi baada ya hapo.

Baada ya kuogelea kuna kilomita 180 za baskeli, kisha kilomita 42.2 za mbio. Baskeli ndiyo inayokula siku, na kisiwa hiki hakina barabara ndefu ya kujidanganya. Kutoka Mjini hadi Nungwi, kaskazini, na kurudi ni kama 120, kwa hiyo lazima urudie njia. Ipange kwa upepo: wakati wa kusi, upepo unaotoka kusini, anza kwenda kusini ukiwa na nguvu, urudi ukisukumwa. Nilifanya kinyume mara moja, nikaruka mpaka Nungwi kama tiara, kurudi nikalia. Ondoka baada ya sala ya alfajiri, maana saa 5 lami inachoma. Kwenye msitu wa Jozani punguza mwendo, kuna matuta na kima punju wanavuka. Daladala nayo ihesabu kuwa itasimama popote. Jambo moja tena: ukifanya mazoezi na kundi usijifiche nyuma ya mgongo wa mtu, kwa sababu kwenye mashindano ya masafa marefu kufuata gurudumu la mwenzio ni kosa la adhabu.

Chakula kifanyie mazoezi kama unavyofanyia miguu. Saa moja ya baskeli inataka kama gramu 60 za wanga, na tumbo halijui kuzipokea bila kufundishwa. Tende 10 za kawaida zinakaribia gramu 50, zinakaa mfukoni, hazina karatasi ya kutupa njiani. Dafu tamu, lakini lina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, na jasho letu linatoa sodiamu. Tia chumvi kidogo. Maji matupu mengi, saa baada ya saa, yanaweza kukudhuru vibaya kuliko kiu.

Mbio sitakaa nazo. Kila ukishuka baskeli ndefu, kimbia dakika 20 papo hapo, miguu ikiwa kama unga wa chapati. Ramadhani punguza, fanya mepesi baada ya tarawehe, usishindane na mtu.

Kuna moja ambalo kisiwa hiki hakiwezi kukufundisha. Bahari yetu ni nyuzi 25 hadi 29, ila ukienda kushindana Afrika Kusini utakuta maji baridi, na watu wamevaa suti za mpira. Mimi niliazima ya rafiki, nikaivaa kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia mashindano, chumbani. Asubuhi, mita 300 ndani ya maji, kola ilinikaba shingo nikadhani moyo unasimama, nikaelea chali mpaka pumzi ikarudi. Ukipata ya kuazima, ivae hapa hapa Unguja, asubuhi ya kusi, dakika 10 tu kabla hujapikika ndani yake. Na mafuta ya shingoni, paka mengi.