Elfu tano za wapi? Namna nilivyoacha kupoteza rangi za picha

Mama mmoja wa Himbi, hapa Goma, alifungua albamu ya harusi ya binti yake, akafika ukurasa wa tatu, akanyamaza. Akaingia chumbani, akarudi na kipande cha kikwembe kilichobaki kwa fundi, akakilaza juu ya picha. Kikwembe chenyewe kilikuwa kijani cha kuelekea feruzi, kinang'aa. Kile cha kwenye picha kilikuwa kama majani ya sombe yaliyolala juani siku mbili.

"Mtoto yangu," akasema, "hii haiko kikwembe yetu."

Sikuwa na jibu, maana kwenye laptopu yangu rangi ilikuwa safi kabisa. Nikapanda pikipiki mpaka kwenye labo iliyochapisha, mdomo umejaa maneno. Kijana wa mashine akaniacha nimalize, kisha akasema, "Yaya, masini inatoa kile uliipatia." Nilitoka nikinung'unika. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Kosa lilikuwa limeandikwa kwenye majina ya faili zangu. Picha zote za siku ile zilianza na kistari cha chini, kabla ya herufi yoyote. Nilikuwa nimekiona miezi mingi bila kujiuliza kinatafuta nini pale. Kamera nyingi hukitanguliza kuonyesha kwamba picha imepigwa katika Adobe RGB, si sRGB, namna mbili tofauti za kuandika rangi kwa namba. Kamera yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, nami sikuwahi kufungua menyu hiyo.

sRGB ilitengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 kwa ajili ya skrini za kawaida, na mpaka leo ndiyo ambayo mitandao na labo nyingi hutegemea kupokea. Adobe RGB ya 1998 hubeba rangi zaidi, hasa upande wa kijani na feruzi. Ukisikia hivyo unadhani kubwa ndiyo bora. Ni bora, ila kwa sharti kwamba kila anayepokea faili yako anajua amepokea nini.

Hapa mpakani ukimwambia mtu "faranga elfu tano", kabla hajatia mkono mfukoni atakuuliza: za Kongo ama za Rwanda? Rangi ndani ya picha nazo ni namba, nyekundu kiasi fulani, kijani kiasi fulani, bluu kiasi fulani, kila moja kati ya 0 na 255 kwenye JPEG. Profaili ya rangi ni lile neno dogo ndani ya faili linalosema "hizi ni za Rwanda". Programu yangu ililisoma, ndiyo maana kwangu kila kitu kilipendeza. Labo haikulisoma. Ikazipokea namba za Adobe RGB kana kwamba ni za sRGB, sawa na mtu aliyehesabu faranga za Rwanda kwa bei ya zile za Kongo: amepunjika na hakuna aliyemwibia. Kijani kikafifia, na nyuso za wajomba zikawa kama za watu waliotoka kulazwa.

Basi nikakimbilia kurekebisha, nikaharibu mara ya pili. Kwenye Photoshop ya Kifaransa kuna maneno mawili yanayokaa jirani kwenye menyu, "Attribuer un profil" na "Convertir en profil". Nilichagua la kwanza, nikaweka sRGB, na pale pale kikwembe kikanyauka mbele ya macho yangu, vilevile kama kwenye albamu. Nilikuwa nimefuta neno "Rwanda" kwenye noti nikaandika "Kongo". La pili ndilo kambisti wa kweli, yule mbadilisha pesa: anabadilisha namba ili thamani ibaki, na rangi ambazo sRGB haiwezi kuzibeba anazisogeza mpaka pale inapoweza. Lile la kwanza nalitumia tu kwa picha iliyokuja bila profaili yoyote, tena nikiwa na hakika ilikotoka.

Siku hizi napiga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, nahariri kwa biti 16, zenye ngazi nyingi zaidi za rangi kuliko biti 8 za JPEG, na faili mama naihifadhi kama TIFF, aina ya faili inayoweza kubeba biti hizo 16, profaili yake ikiwa ndani. Hiyo haitoki nyumbani. Mteja anapata nakala: naibadilisha kwenda sRGB ingali biti 16, ndipo naishusha hadi biti 8, naihifadhi JPEG mara moja, na kile kisanduku cha kuambatisha profaili sikiachi wazi. Nilikuwa nikishusha biti mapema ili laptopu isichoke. Lakini anga ya jioni juu ya Ziwa Kivu ndiyo iliyonisuta: ukivuta mwanga kwenye faili ya biti 8, anga inakatika vipande vipande kama ngazi. Na JPEG usiifungue, uiguse, uihifadhi tena kila siku. Kila mara inapoteza kitu. Asiye na pesa ya programu, darktable na GIMP ni za bure na zinaweza kazi hii yote.

Picha kwa WhatsApp naituma kama dokima ("Document"), isije ikabanwa. Bango la kuchapwa kwa CMYK, zile rangi nne za wino wa mashine, nawaachia wenye mashine, baada ya kuwauliza wanataka faili ya namna gani.

Jambo moja la aibu kidogo. Kwa wiki nzima picha zangu zilitoka na ubluu, nikalaumu profaili. Kumbe laptopu ilikuwa inawasha yenyewe mwanga wa usiku saa kumi na mbili jioni, skrini inakuwa ya njano, nami napambana nayo kwa kuongeza bluu. Sasa kabla ya kutuma, nafungua nakala kwenye simu mbili na kutazama ukuta wa mawe ya volkano, ambao haukosekani kwenye picha za Goma. Ukielekea zambarau, narudi mezani.

Kurasa za yule mama nilizichapisha upya kwa pesa yangu. Akaleta tena kile kipande, akakilaza juu ya picha, akakisogeza kidogo kushoto, akainama.

"Sasa ndiyo yenyewe," akasema. "Hata pale kwa kola fundi alikosea, inaonekana."